Asilimia 100, Kisha 11: Kwa Nini Ukali wa Ugonjwa Mpya Hausomeki Mapema

Alhamisi, Januari 30, 2025, Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba Ebola imerudi. Mgonjwa aliyethibitishwa alikuwa mmoja tu, muuguzi wa Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, naye alikuwa amefariki siku moja kabla ya tangazo. Alipokuwa mgonjwa alihangaika kutafuta nafuu huku na kule. Alipita kwa mganga wa jadi, akafika pia Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Kwa njia hiyo Mbale, mji ulio chini ya Mlima Wanale, ukaingia kwenye orodha ya miji ya Ebola.

Kwa hesabu ya siku ile, ugonjwa ulikuwa umeua asilimia 100 ya waliothibitishwa kuupata. Februari 18 wagonjwa wanane waliruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa wamepona. Kesi zilikuwa tisa na kifo kimoja, yaani asilimia 11. Wiki moja baadaye mtoto mdogo akafariki Mulago. Kesi zikawa kumi, vifo viwili, asilimia 20. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Aprili 26, waliothibitishwa walikuwa 12 na vifo vilikuwa viwili: asilimia 17. Nao watu wawili waliozikwa kabla ya kupimwa, ambao kila dalili inaonyesha walikufa kwa ugonjwa huo huo, ukiwajumlisha unapata wanne kati ya 14, karibu asilimia 29.

Virusi havikubadilika kutoka Januari hadi Aprili. Kilichobadilika ni orodha ya watu tuliokuwa tukiwahesabu.

Naanza na tarakimu hizi kwa sababu kila ugonjwa mpya unapotangazwa, swali la kwanza la watu ni hili: unaua kweli, au ni maneno? Anauliza mama wa sokoni Mbale, anauliza dereva wa taksi anayepakia Jinja kwenda Kampala. Ni swali la haki kabisa, maana juu yake mtu anaamua kama afungue biashara, kama aende msibani, kama ampeleke mtoto kituo cha afya au amnunulie dawa dukani. Tatizo ni kwamba katika wiki za mwanzo hakuna mtu duniani mwenye jibu kamili, na sisi wa fani ya afya mara nyingi hatuwaambii watu hivyo waziwazi.

Tuchukue Jinja. Novemba 2022, wakati mlipuko wa Ebola ulioanzia Mubende ulikuwa na zaidi ya mwezi mmoja na nusu, Jinja ilikuwa wilaya ya tisa kuingia kwenye orodha. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa huko alikuwa ameshafariki kipimo kiliporudi. Mkaazi wa Jinja aliyesikia habari ile redioni angekosa vipi kuamini kwamba ukiupata umekwisha? Lakini mlipuko ule, uliotangazwa Septemba 20, 2022 na kumalizika Januari 11, 2023, ulikuwa na kesi 142 zilizothibitishwa na vifo 55 kati yao. Zaidi ya nusu walipona. Wapo pia 22 waliokufa mwanzoni, kabla ya yeyote kuwaza Ebola. Ukiwaongeza, kiwango cha vifo kinapanda kutoka asilimia 39 hadi 47.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Ugonjwa mpya hujitambulisha kupitia wagonjwa walio mahututi, kwani hao ndio wanaowashtua madaktari kiasi cha kupeleka damu maabara. Waliougua kidogo wakapona nyumbani hawaonekani. Ni sawa na kupima hatari ya ajali za boda boda kwa kuhesabu waliolazwa wodini peke yao, ukawaacha walioanguka, wakajikung'uta vumbi na kuendelea na safari. Kiwango cha vifo kinachopatikana hivyo huwa kikubwa mno. Machi 2020 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alisema karibu asilimia 3.4 ya wagonjwa wa korona walioripotiwa duniani walikuwa wamefariki. Upimaji ulipopanuka, ikaonekana kwamba kati ya wote walioambukizwa, waliokufa walikuwa wachache kuliko hapo katika nchi nyingi.

Mtego wa pili unavuta upande wa pili, nao nauogopa zaidi. Mtu hafi siku anayothibitishwa. Kati ya kipimo na kifo hupita siku, hata wiki. Ukigawanya vifo vya leo kwa kesi za leo wakati kesi zinaongezeka, unawahesabu walio vitandani kana kwamba wamekwisha kupona. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipozuka, hesabu za mwanzo zilikuwa karibu asilimia 4. Ulipoisha, watu 774 walikuwa wamekufa kati ya 8,098, karibu mmoja kati ya kumi.

Mbale inafahamu jinsi hesabu ndogo inavyodanganya. Kesi ya kwanza ya korona Uganda ilithibitishwa Machi 21, 2020. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita, hakuna kifo kilichotangazwa. Kesi zikapita 1,000. Minong'ono ikawa mingi: ni mafua ya Wazungu, Mwafrika hayamwezi, serikali inatafuta pesa. Walioangalia kwa makini walijua ni akina nani wanaopimwa. Wengi walikuwa madereva wa malori waliosimamishwa mipakani, Malaba na Busia, watu wa umri wa kazi, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Orodha yenye watu wa aina hiyo lazima ionekane haina vifo. Julai 23, 2020 kifo cha kwanza kikatangazwa, na kilitokea Mbale. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, wimbi la pili likaja na oksijeni ikawa adimu hospitalini. Hadi janga lilipoisha, vifo vilivyoandikwa rasmi nchini vilizidi 3,600.

Basi korona ilikuwa kali au nyepesi? Swali hili ni mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza linahusu mtu mmoja: nikiupata, nina nafasi gani ya kupona? La pili linahusu mji mzima: utawafikia wangapi? Ebola ya aina ya Sudan, ile ya Mubende na ya muuguzi wa Mulago, ni ya kutisha kwa jibu la kwanza. Ilipojitokeza mara ya kwanza mwaka 1976 huko Nzara na Maridi, kusini mwa Sudan, iliua 151 kati ya 284. Gulu mwaka 2000 hadi 2001 iliua 224 kati ya 425, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyebaki na wagonjwa wake hadi mwisho. Lakini haisafiri hewani kama mafua. Inahitaji kugusa damu, matapishi, jasho au maiti, na mgonjwa haambukizi kabla ya dalili kuanza. Korona ilimuua mmoja kati ya wengi sana, ila ilipita katika kila nyumba bila kubisha hodi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kila mlipuko unapoisha. Mbona 2025 waliokufa walikuwa wachache hivyo, wakati Gulu walikufa zaidi ya nusu? Kwanza, tahadhari ya hesabu: wagonjwa 12 ni wachache mno. Vifo viwili kati ya 12 vinaweza kutokana na ugonjwa ambao kiwango chake halisi ni popote kati ya asilimia 2 na 48. Atakayesimama kwenye mkutano aseme Ebola sasa imepungua makali kwa sababu ya tarakimu hiyo, asisikilizwe. Hata mlipuko mkubwa zaidi huacha ubishi. Ule wa Bundibugyo wa 2007 umeandikwa katika orodha nyingine kuwa na kesi 149 na vifo 37, na katika nyingine kesi 131 na vifo 42, kwa sababu wataalamu hawakukubaliana nani ahesabiwe.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka ikumbukwe. Wale wanane waliopona Februari walipatikana miongoni mwa watu waliojulikana kuwa karibu na muuguzi yule. Walikuwa wakifuatiliwa. Homa ilipowashika walipimwa mapema, wakapewa dripu, dawa na uangalizi kabla figo na ini havijalemewa. Februari 3, siku nne tu baada ya tangazo, jaribio la chanjo lilianza kwa waliowakaribia wagonjwa, nalo likaitwa TOKOMEZA. Mwaka 2022 dozi za majaribio ziliingia nchini Desemba, wakati mlipuko umeshatulizwa. Safari hii ya 2025 hakuna aliyesubiri kujua asilimia.

Ndiyo maana ugonjwa ukaonekana mwepesi. Ulionekana mwepesi kwa kuwa watu waliuchukulia kwa uzito, kisha wapo walioitumia nafuu hiyo kama ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Huo ni ukosefu wa shukrani kwa wauguzi waliovaa yale magauni ya plastiki katika joto la Februari.

Lakini hofu isiyo na kipimo nayo ina gharama. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Wasichana waliopata mimba na wavulana waliozoea kulima miwa au kusukuma mikokoteni, wengi hawakurudi kabisa. Wenye mamlaka wanapaswa kuyapima upya maamuzi yao kadiri hesabu inavyokomaa, na kusema hadharani wanapobadilisha mawazo.

Kwa watangazaji wa redio wa Jinja na Mbale, ombi langu ni hili: mkitaja idadi ya vifo, tajeni pia waliopimwa ni wangapi, walio bado wodini ni wangapi, na waliopona. Ofisa wa afya akija studioni na asilimia moja kavu, mwulizeni imetoka kwa watu gani. Nawe msomaji, ikiwa umemuuguza au umemzika mtu na homa ikakushika ndani ya siku 21, usikae nyumbani ukisubiri tujue ugonjwa huo unaua kiasi gani. Piga 0800 100 066, simu ya bure ya Wizara ya Afya, siku hiyo hiyo, na umwambie anayepokea ulikuwa na nani.