Sisimizi Hufika Wamechelewa

Katika nyumba nyingi, za pwani na za bara, kisukari kilijulikana kwanza na sisimizi. Mzee anakwenda haja ndogo nyuma ya nyumba, asubuhi wadudu wamejaa pale pale, watu wanaambizana: huyu ana sukari. Ujuzi huo si wa kubezwa. Figo huanza kuachia sukari ipite kwenye mkojo pale kiwango chake katika damu kinapovuka takribani milimoli 10 kwa lita. Kasoro yake ni kwamba ugonjwa wenyewe huhesabiwa kuanzia 7, kwa mtu aliyelala bila kula. Na ile hatua inayoutangulia, ambayo wauguzi wengi huitaja kwa maneno ya "sukari iko juu kidogo", ni kati ya 6.1 na 6.9 kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Mwenye 6.5 hana kiu ya ajabu wala haamki usiku mara nne, na sisimizi hawana habari naye.

Kwa sababu hiyo, habari ya kufidia muda wa kupima na kutibu uliopotea wakati wa korona ni ngumu kuliko inavyosikika. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi wanachama hali ya huduma zao. Nchi 155 zilijibu. 53 katika kila 100 zilisema tiba ya shinikizo la damu imevurugika, kabisa au kwa sehemu, na 49 zikasema hivyo hivyo kuhusu kisukari. Dar es Salaam, Hospitali ya Amana iligeuzwa kuwa kituo cha wagonjwa wa korona. Kwingine milango ilibaki wazi ila watu wenyewe waliogopa kuingia, wakabaki nyumbani na nyungu na tangawizi.

Lakini waliokosa kliniki walikuwa na kadi. Majina yao yamo kwenye rejista, mtu anaweza kuwapigia simu, na wengi walirudi wenyewe dawa zilipoisha. Mwenye 6.5 hakuwa na kadi wala tarehe ya kurudi, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba hajaja. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima karibu 88 katika kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Hiyo ni miaka mitano kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini humo. Kwa hiyo anayesema turudi tulipokuwa mwanzoni mwa 2020 anaturudisha kwenye 88 hiyo. Deni ni la zamani. Korona iliongeza riba.

Korona ilifanya jambo moja la ajabu pia: iliwapima watu ambao wasingepimwa. Aliyelazwa akiwa hapumui vizuri alitobolewa kidole, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Tangu majaribio ya Uingereza yalipotoa jibu Juni 2020, wagonjwa mahututi walipewa deksamethasoni, dawa iliyookoa maisha lakini inayopandisha sukari. Maambukizi makali nayo huipandisha. Hivyo mgonjwa akiwa na 9 wodini, aliambiwa ni dawa, itashuka. Kwa wengi ilishuka kweli. Kwa wengine ilishuka hadi 6.6 na kukaa hapo, na hakuna aliyerudia kipimo, kwa kuwa siku ya kuruhusiwa furaha ilikuwa kubwa kuliko maswali.

Kupima nako kuna mitego. Mashine ya kidole, kwa viwango vya kimataifa vinavyotumika sasa, inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15 juu au chini. Mtu ambaye maabara ingempa 6.4 anaweza kusomwa 5.5, akaambiwa mzima, au 7.3, akaambiwa mgonjwa, na mashine isiwe mbovu. Fikiria basi kipimo cha bure kwenye banda la maonesho, saa nane mchana, juu ya chipsi na soda. Namba ile ni sababu ya kurudi asubuhi bila kula, basi. Kuna kipimo kingine kinachosoma wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, nacho hakihitaji kufunga. Ila kinategemea umri wa chembe nyekundu za damu. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hufa mapema, kipimo kikasoma chini kuliko hali ilivyo. Kwa nchi zetu hilo si jambo la pembeni.

Stripu za mashine ya kidole ni ghali, na za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine. Kwa hiyo sioni busara ya kumtoboa kila mpita njia. Ningeanza na waliokwisha kuingia mlangoni kwa sababu nyingine: mwenye presha, mgonjwa wa kifua kikuu (kisukari huongeza hatari ya ugonjwa huo mara mbili hadi tatu), na mama aliyepata kisukari cha mimba akajifungua salama, kisha akaja kliniki mwaka mzima kupima uzito wa mtoto bila yeye kuulizwa.

Akipatikana mwenye 6.5, si lazima awe mgonjwa baadaye. Wapo wanaorudi chini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulionyesha kwamba mpango wa kulenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki ulipunguza wanaoingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya dawa ya metformini iliyofikia 31. Mwenye kilo 80 anatakiwa kupunguza chini ya kilo sita tu. Lakini washiriki wale walipewa masomo 16 ya ana kwa ana. Hawakuambiwa "punguza ugali, fanya mazoezi" huku mgonjwa anayefuata akibisha hodi.

Aliyelazwa 2020 au 2021 ana pa kuanzia bila kusubiri mpango wa mtu. Daftari la matibabu huenda bado lipo, kwenye mkoba wa vyeti au chini ya godoro. Afunue kurasa za siku zile, atafute neno sukari na namba iliyo mbele yake, kisha aangalie kama kuna tarehe nyingine chini yake.