Chinsaga: Mboga chungu inayostawi hata katika kishamba kidogo

WAKAZI wa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, wanaijua vyema chinsaga. Mboga hii, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani na sokoni hufahamika zaidi kama sagaa, haikosi katika masoko ya eneo hilo, na ndiyo kitoweo kinachoheshimika zaidi miongoni mwa Abagusii.

Hata hivyo, mashamba yanazidi kugawanywa baina ya warithi, na sehemu kubwa ya ardhi iliyosalia imetengewa majani chai, ndizi na mahindi. Kwa sababu hiyo, familia nyingi hulazimika kununua mboga ambayo zamani iliota yenyewe karibu na boma na penye samadi.

La kutia moyo ni kwamba chinsaga haihitaji ekari. Kitalu kidogo nyuma ya jikoni, au magunia machache yaliyojazwa udongo na samadi iliyooza, yanatosha kuipatia familia mboga mara kadhaa kwa wiki.

Mbegu zake ni ndogo mno na nyeusi. Aghalabu mkulima huzichanganya na mchanga mkavu au jivu ili zisirundikane mahali pamoja. Mistari iachane kwa takriban sentimita 30, na mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba sana, kwani zikizikwa chini mno hazichipuki.

Miche inapotokeza, ile iliyosongamana hung'olewa na kupikwa, na inayosalia huachiwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Mmea huu hupenda jua na joto, na hauvumilii maji yaliyotuama. Katika nyanda za juu kama Keroka, ambako baridi huchelewesha ukuaji, ni vyema kuchagua mahali pasipo na kivuli cha migomba.

Uvunaji huanza baada ya majuma manne hadi sita. Badala ya kung'oa mche mzima, mkulima anashauriwa kukata ncha ili matawi ya pembeni yachipuke. Maua nayo yaondolewe mara yanapojitokeza, kwa maana mmea ukishaanza kuzaa mbegu, majani hupungua na kuwa magumu.

Wadudu wanaoisumbua zaidi ni vidukari. Kwa kuwa majani huchumwa mara kwa mara, si salama kuyanyunyizia dawa kali. Ajabu ni kwamba chinsaga yenyewe ni kinga dhidi ya wadudu wengine: utafiti uliofanywa nchini Kenya umeonyesha kuwa harufu yake hufukuza utitiri mwekundu unaoshambulia mawaridi.

Jambo linalowatatiza wakulima wengi ni mbegu. Mtu huvuna mbegu zake, akazipanda papo hapo, kisha zikakosa kuota. Wengi hudhani zimeharibika, ilhali zimelala tu. Mbegu changa za chinsaga huhitaji kuhifadhiwa mahali pakavu kwa muda wa miezi mitatu au zaidi kabla ya kupandwa. Maganda huvunwa yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu ardhini.

Suala la mbegu lina uzito wa kisheria pia. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu nchini Kenya iliweka adhabu kali dhidi ya uuzaji wa mbegu zisizosajiliwa. Mnamo Novemba 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kuwa vifungu vilivyowabana wakulima wanaohifadhi na kubadilishana mbegu za kienyeji vinakiuka Katiba.

Jikoni, majani hutenganishwa na mashina magumu, yakaoshwa na kuchemshwa. Kwa desturi, maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa, kisha mboga huongezwa maziwa na kuachwa ichemke polepole. Wengine huihifadhi chunguni usiku kucha, na kila inapopashwa huongezwa maziwa mengine hadi uchungu upoe. Wasiozoea huichanganya na rinagu, yaani mnavu. Huliwa kwa ugali wa wimbi.

Chinsaga ina madini ya chuma na kalisi, pamoja na vitamini A na C. Mafuta yaliyo katika maziwa huusaidia mwili kupokea vitamini A. Lakini kuchemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, hivyo inafaa kupunguza muda wa kupika kadiri mlaji awezavyo kuvumilia uchungu.

Tangu jadi, kina mama waliojifungua hupewa mboga hii ili kurejesha nguvu. Ni lishe bora, ila si badala ya matibabu: mama aliyepoteza damu nyingi anapaswa kupelekwa hospitalini.

Zamani mboga za kienyeji zilidharauliwa kama chakula cha maskini. Utafiti wa wasomi kama vile Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyetunukiwa Nishani ya Edinburgh mwaka wa 2014, ulichangia kubadilisha mtazamo huo. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili miongoni mwa mifano bora ya kuigwa duniani.

Kwa familia ya Keroka yenye kishamba kidogo, konzi moja ya mbegu zilizohifadhiwa vyema ndiyo mwanzo wa kuacha kununua kile ambacho ardhi yake yenyewe inaweza kutoa.