Hoja Ishirini na Insha Moja

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuja kusoma fasihi ya Kiswahili chuoni huja na mzigo aliobebeshwa na wengine. Kama ametoka Kenya, amekalia karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, ambako kila swali lina alama 20, na amezoeshwa kwamba alama 20 ni hoja 20. Kama ametoka Tanzania, kidato cha tano na cha sita vimemshindilia fani huku na maudhui kule: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha; kisha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, na kwa kufungia, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Utaratibu huo unavusha mtu kwenye mtihani wa taifa. Ukihamishiwa kwenye insha ya kurasa nane, unazaa kitu ambacho sisi wahadhiri tunakitambua kabla hatujakisoma: vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari, chini ya kila kimoja sentensi tatu na dondoo, na mwisho mwandishi amefaulu. Hufaulu karibu kila mara. Akishindwa, ameshindwa kidogo tu, tena kwa sababu eti ametumia lugha ngumu.

Siidharau orodha hiyo. Asiyejua muundo wa rejea wala kinaya hana macho ya kusomea riwaya. Lakini orodha ni kazi ya kabla ya insha, ya kwenye daftari. Insha yenyewe huanza pale msomaji anapokwama mahali fulani kitabuni na kuuliza: kwa nini iwe hivi?

Tuchukue *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Ni kitabu chembamba na wengi wamekipitia shuleni. Katika Kusadikika, nchi iliyo angani, Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Anapewa siku sita za kujitetea mbele ya mfalme na baraza lake. Siku hizo anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita, akina Buruhani, Fadhili na wenzao, waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi, wakarudi nayo, wakaishia gerezani.

Insha ya kawaida juu ya kitabu hiki hufungua hivi: "Katika *Kusadikika*, mwandishi amejadili dhamira mbalimbali kama vile uongozi mbaya, uonevu na umuhimu wa elimu." Nani atabisha? Hakuna, na hapo ndipo pana ugonjwa. Sentensi isiyoweza kubishiwa haihitaji kurasa nane za kuithibitisha. Anayeiandika atalazimika kujaza kurasa hizo kwa kusimulia hadithi upya, nasi hadithi tunaijua.

Sasa mrudishe mwanafunzi huyo kitabuni, umwambie atafute jambo la ajabu. Halichukui muda kuonekana. Mtu ameshtakiwa kwa kosa lake mwenyewe, kisha siku sita anazungumzia watu wengine! Mahakamani leo hakimu angemkatiza siku ya kwanza. Kwa nini Karama ajitetee kwa njia hiyo? Jibu mojawapo ni hili: Karama anaugeuza utetezi wake kuwa mashtaka dhidi ya baraza. Kila mjumbe ni ushahidi kwamba baraza limezoea kuhukumu bila kusikiliza. Na kwa kukaa siku sita likimsikiliza yeye, baraza linajikuta likitenda kile kile lililowanyima wajumbe.

Hiyo ni hoja. Inaweza kukosewa, inaweza kupingwa, na kila aya itakayofuata ina kazi ya kufanya. Aya moja itachunguza mwenendo wa Majivuno katika kesi nzima. Nyingine itaeleza kwa nini masimulizi yanarudiarudia umbo lile lile, jambo ambalo wanafunzi wengi huliandika chini ya "kutofaulu kwa mwandishi" kwa kuwa linachosha. Kwa hoja yetu, urudiaji huo ndio ushahidi wenyewe: mjumbe mmoja akifungwa, ni bahati mbaya, wakifungwa sita, ni desturi ya utawala.

Hata vile vipengele vya daftarini hupata uhai vikitumikia hoja. Kila mwanafunzi ataandika kwamba Shaaban Robert ametumia majina ya majazi, atawataja Majivuno na Fadhili, ataweka nukta. Songa hatua moja. Kama jina limekwisha kutuambia nani mwema na nani mbaya tangu ukurasa wa kwanza, basi taharuki ya kitabu haimo katika kuwatambua watu. Imo wapi? Imo barazani: je, watu hawa watakubali kushawishika? Ndiyo maana kisa chote kimefungiwa ndani ya kesi.

Kuna mtego mwingine, wa muktadha. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kama picha ya nchi chini ya Waingereza. Usomaji huo una nguvu. Tatizo ni mwanafunzi anayeutoa kwenye desa kama taarifa, akaacha riwaya mezani na kuandika kurasa tatu za historia ya ukoloni. Ukitaka kuutetea, utetee kwa kitabu: kwa nini nchi iwekwe angani, na kwa nini kosa linaloogopwa kuliko yote liwe kuwafundisha watu sheria?

Kuhusu dondoo nitasema machache. Dondoo fupi lenye maneno matano unayoyachambua kweli ni bora kuliko aya nzima uliyoibandika kisha ukaandika "dondoo hili linaonesha uonevu". Halioneshi lolote mpaka useme ni neno gani linaonesha, na kwa vipi.

Kipimo cha mwisho ni mpinzani. Hoja yetu juu ya Karama ina adui mkubwa ndani ya kitabu chenyewe, nao ni mwisho wake. Karama anaachiwa, wajumbe wanafunguliwa, na mfalme anabaki kwenye kiti chake. Wahakiki wa miaka ya 1970 waliopima fasihi kwa mizani ya tabaka wangeuliza: haya ni mashtaka ya namna gani, ambayo mshtakiwa, yaani utawala wenyewe, ndiye anayetoa msamaha? Mwanafunzi mwoga hulipita swali hili kimya. Mwenye ujasiri hulipa aya mbili, na hapo ana njia mbili. Anaweza kushikilia kwamba utawala unaolazimishwa kusikiliza umekwisha kubadilika, ila itambidi aeleze kwa nini kusikiliza huko kulingoja ufasaha wa mtu mmoja. Au anaweza kukiri kwamba Shaaban Robert alitaka mtawala mwema kuliko utawala mpya, ila itambidi aeleze kwa nini basi mtu aliyechaguliwa kuikomboa Kusadikika ni mwalimu wa sheria, wala si mshauri wa mfalme. Zote mbili nitazisoma mpaka mwisho, hata saa tano za usiku.