Fundi, usiwe na pupa ya kuvunja paa la asbesto

KATIKA mitaa mingi mikongwe ya miji yetu, bado kuna nyumba, shule na ofisi zilizoezekwa kwa mabati ya kijivu yasiyoshika kutu. Hayo si chuma bali ni asbesto. Wenye nyumba wengi sasa wanataka kuyaondoa. Fundi huitwa, akapanda na nyundo yake, na kufikia jioni paa limelala uani vipande vipande huku watoto wakivichezea. Kazi hiyo ya siku moja yaweza kudai roho ya mtu miaka 30 baadaye.

Yadhuru vipi?

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Yalichanganywa na saruji kutengenezea mapaa na mabomba kwa sababu ni imara na hayaungui. Paa lisilo na ufa halina hatari kubwa. Hatari huanza linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa au kusuguliwa, kwani nyuzi hizo hupeperuka hewani, na mtu akizivuta hukwama mapafuni.

Baada ya miaka mingi, mara nyingi kati ya 20 na 40, mapafu hupata makovu na mgonjwa hukosa pumzi hata akitembea hatua chache. Makovu hayo hayana tiba. Wengine hupatwa na saratani ya mapafu au ya utando unaoyazunguka. Kwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu.

Familia ya fundi nayo haiko salama. Katika nchi mbalimbali, kina mama wameugua kwa kufua tu nguo za kazi za waume wao.

Sheria yasemaje?

Asbesto ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2006, nayo Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka huo zikaiweka katika orodha ya taka hatari. Kwa hivyo si halali kuitupa jaani au kuifukia nyuma ya nyumba. Anayeisafirisha sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na aipeleke mahali palipoidhinishwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) iliipa mamlaka hiyo jukumu la kuwaidhinisha mafundi na wasimamizi wa mijengo.

Hata hivyo, mwenye nyumba asidanganyike. Cheti cha uashi au useremala hakimaanishi kwamba fundi amefunzwa kuondoa asbesto. Muulize waziwazi.

Mambo ya kuzingatia

• Usivunje, usikate wala usitupe shiti kutoka juu. Zifunguliwe moja moja na kuteremshwa zikiwa nzima.

• Paa lilowanishwe kwa maji ya kunyunyiza ili vumbi lisipae.

• Kitambaa puani hakitoshi. Panahitajika barakoa yenye kichujio cha vumbi jembamba, inayobana uso vyema.

• Usifagie vumbi likiwa kavu. Lilowanishwe na kupanguswa kwa matambara, nayo yafungwe pamoja na taka hizo.

• Shiti zifungwe ndani ya plastiki nzito na kuandikwa kuwa ni hatari.

• Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani.

• Watoto na majirani wakae mbali.

Ikiwa paa lako ni zima na huna fedha za kulibadilisha, liache lilivyo na usiruhusu mtu kulitoboa, hata kwa ajili ya nyaya za televisheni. Iwapo limepasuka, wasiliana na ofisi ya NEMA ya kaunti yako kabla ya kupatana bei na fundi yeyote. Na wewe fundi uliyefanya kazi hii kwa miaka mingi, ukipatwa na kikohozi kisichoisha au ukianza kuishiwa pumzi, mweleze daktari kazi uliyokuwa ukifanya, kwani asipojua anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine.