Mfanyakazi Akistaafu Aishi Wapi?



Katika makambi ya mashamba ya chai hapa magharibi mwa Uganda kuna neno linalosemwa kila mwenzetu anapofikia umri wa kustaafu: "Huyo sasa anakwenda kufa." Sisi tunaozungukia matawi ya chama tumelisikia mara nyingi, na tunasikitika kusema kwamba mara nyingi limekuwa kweli. Leo tunataka kuuliza kwa nini. Kazi ikimalizika mtu alipaswa apumzike, si azikwe.

Tutoe mfano mmoja. Mzee mmoja alichuma chai kwa miaka 31. Alikuja kijana kutoka Kigezi, akaoa kambini, akazaa kambini, na lugha ya nyumba yake ikawa Kiswahili, kama ilivyo kwa wengi wetu. Alipostaafu alipewa siku 30 aondoke katika nyumba ya shamba. Kadi yake ya zahanati ilikwisha siku ile ile ya mshahara wa mwisho. Tulimsindikiza hadi kwenye lori, yeye na magodoro yake.

Huko kijijini ndugu zake walikuwa wamekwisha gawana ardhi, na wa rika lake wengi walikuwa wamefariki. Akiba yake ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, aliyolipwa yote kwa mara moja, ilinunua pikipiki ya bodaboda kwa mtoto wa ndugu yake, na pikipiki ikaharibika. Dawa za shinikizo la damu, ambazo kambini alizifuata hatua mia mbili tu, huko zilikuwa mwendo wa nusu siku. Hakumaliza mwaka wa pili. Habari tuliletewa na dereva wa lori.

Wako wanaosema kazi ndiyo iliyommaliza. Ni kweli kazi ya chai huvunja mgongo na magoti, na hilo tunalipigania kila mwaka. Lakini siku ile mzee hakukatiwa mshahara peke yake. Alikatiwa pia majirani, dawa, na sababu ya kuamka asubuhi.

WAPIGA CHAPA WA MAREKANI

Swali hili si letu peke yetu. Wafanyakazi wa nchi nyingine waliliuliza kabla yetu, na chama kimoja kililijibu kwa fedha za wanachama wake.

Wapiga chapa wa Marekani wa zamani walifanya kazi katika vyumba visivyo na hewa, wakishika herufi za risasi mchana na usiku. Wengi walipata kifua kikuu, na wengine walizeeka bila mtu wa kuwatunza. Mwaka 1886 matajiri wawili, George Childs na Anthony Drexel, walikipa chama chao dola 10,000. Mji wa Colorado Springs, wenye hewa kavu ya milimani, ukatoa ardhi. Tarehe 12 Mei 1892 makao yakafunguliwa kwa ajili ya wanachama wazee na wagonjwa. Zawadi ile isingetosha hata kidogo: gharama za miaka iliyofuata zilitoka katika ada za wapiga chapa wenyewe, nchi nzima.

Aliyeingia pale hakuingia kama maskini wa kuombewa. Aliingia kwa haki ya kadi yake ya chama. Alikuta watu wa kazi yake, waliojua maneno ya kazi yake na mizaha yake. Alikuta matibabu, bustani, na maktaba.

Lakini tusidanganyane, makao yale yalikuwa na mwisho wake. Kompyuta zilipochukua nafasi ya herufi za risasi, wanachama walipungua, na mwaka 1987 chama kikaungana na chama kikubwa cha wafanyakazi wa mawasiliano. Baadaye makao yalitoka mikononi mwa wafanyakazi, na mwaka 2020 milango ilifungwa. Hapa pana funzo: kitu cha wazee kinategemea chama cha vijana. Chama kikidhoofika, mzee ndiye wa kwanza kutolewa nje.

MJI WA WAZEE WATUPU

Baada ya wafanyakazi walikuja wafanyabiashara. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi Del Webb alifungua mji uitwao Sun City, karibu na Phoenix katika jimbo la Arizona. Watu walimwonya kwamba wazee hawatakubali kuacha watoto na wajukuu. Walikuja kwa maelfu. Sheria ya mji ule ni kwamba katika kila nyumba lazima awepo angalau mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi, na mtoto haruhusiwi kuhamia. Kuna mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu, na vikundi vya ufundi, vya nyimbo na vya michezo. Miji ya namna hiyo sasa ni mingi huko.

Je, wakaaji wake wana afya nzuri? Wengi wanaonekana hivyo. Lakini mfanyakazi asome kwa macho mawili. Anayenunua nyumba pale kwa kawaida ana fedha na bado ana nguvu za kuhama, kwa hiyo sehemu ya afya hiyo alikuja nayo sandukuni. Asiye na fedha hayumo. Na sisi, tuseme wazi, hatuwatakii wazee wetu mtaa usio na sauti ya mtoto.

WATAALAMU WANASEMA NINI

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitoa habari za uchunguzi wao katika makao ya wazee. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa: mambo yenu ni yenu, pangeni vyumba mpendavyo, chagueni siku ya sinema, na kila mmoja achukue mche autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wahudumu watawafanyia yote. Nao walipewa miche, lakini wauguzi ndio waliomwagilia maji. Baada ya majuma matatu tu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Uchunguzi ulikuwa mdogo, watu wasiofika mia moja, lakini umezungumzwa sana tangu siku hizo.

Mwaka 2010 wataalamu wengine walikusanya chunguzi 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye jamaa, marafiki na majirani wa karibu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. Upweke ni ugonjwa, ndugu zangu, ingawa hakuna sindano yake.

Kuwaweka wazee pamoja kuna hatari yake pia. Mwaka 2020 korona iliua wazee wengi sana katika makao ya Ulaya na Marekani. Wahudumu wengi walilipwa mshahara mdogo, wakalazimika kufanya kazi katika makao mawili au matatu, na ugonjwa ukatembea nao. Kisha milango ikafungwa, na wazee wakakaa miezi bila kumwona mtoto wao. Mshahara mbaya wa mhudumu humrudia mzee kitandani.

HAPA KWETU

Hatuna haja ya kungoja mjenzi kutoka nje. Kando ya shamba moja, nyuma ya senta, wako wastaafu tisa, wanawake watano na wanaume wanne, walioamua miaka kadhaa iliyopita kununua viwanja vya jirani kwa akiba zao. Tumewatembelea. Nyumba ni za udongo na mabati, si za kujivunia. Lakini kila asubuhi wanaangalia mlango ambao haujafunguliwa, na mtu huenda kubisha. Wana kisima kimoja na bustani ya mboga. Watoto wa senta hupita hapo wakitoka shule.

Wanagombana, hasa kwa zamu ya kusafisha kisima, na mmoja wao anapenda pombe kupita kiasi. Mama mmoja alituambia: "Hata ugomvi ni afadhali. Kule kwetu nisingekuwa na wa kugombana naye." Wanachokosa ni kadi ya zahanati. Iko mbele ya macho yao, na inahudumia watoto wa wafanyakazi waliowafundisha kazi wao wenyewe, lakini wao hulipa kama wageni.

TUNAYOPENDEKEZA

Mazungumzo ya mkataba wa pamoja yanakaribia. Kila mwaka tumedai bei ya kilo na kiinua mgongo, na tutaendelea kudai. Safari hii tunayaomba matawi yajadili mambo matatu zaidi.

Kwanza, kadi ya zahanati isife siku ya kustaafu. Mtu aliyetoa miaka 20 au zaidi aendelee kutibiwa pale, yeye na mwenzi wake.

Pili, siku 30 za kuhama ziwe miezi sita, na mazungumzo na mfanyakazi yaanze miaka miwili kabla: atakwenda wapi, ardhi ipo au haipo, nani atampokea.

Tatu, vyama vyetu vya akiba na mikopo vifungue akaunti ya viwanja, ili wanaotaka kubaki karibu na wenzao wanunue pamoja, na hati ziandikwe kwa majina yao, wanawake kwa wanaume. Anayetaka kurudi kwao arudi kwa heri. Tunachokataa ni kurudi kwa kukosa pengine pa kwenda.

Wako vijana watakaosema haya ni mambo ya wazee. Tunawajibu: mtu wa miaka 25 anayechuma leo ndiye atakayepanda lori lile. Wajumbe wa matawi watuletee maoni kwa maandishi kabla ya mkutano wa halmashauri, nasi tutayasoma yote mbele ya wanachama.

Umoja ni nguvu.