WENGI WAPE, LAKINI WENGI GANI?

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watatwaa wenyewe. Hakuna anayepinga. Lakini je, hao wengi wawe wangapi? Na wakishapewa, ni kweli wote walitaka kitu kimoja? Katika makala haya nitaeleza maoni ya Waingereza kuhusu nchi yao kutoka Umoja wa Ulaya, jambo ambalo ulimwengu mzima ulilijua kwa jina la Brexit.

Kwanza kabisa, tuelewe Umoja wenyewe ni nini. Nchi wanachama zimekubaliana kuuziana bidhaa bila kutozana ushuru wa forodha. Raia wa nchi moja anaweza kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi nyingine bila kuomba kibali. Isitoshe, Umoja una Bunge lake, mahakama yake na sheria zinazozifunga nchi zote. Kwa hivyo si soko tu, ni siasa pia. Uingereza ilijiunga tarehe 1 Januari 1973, wakati Umoja ulipokuwa ukiitwa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mwaka wa 1975 wananchi waliulizwa kama wabaki, na asilimia 67 wakakubali.

Miaka 41 baadaye wakaulizwa tena. Tarehe 23 Juni 2016, watu 17,410,742 walipiga kura ya kutoka na 16,141,241 ya kubaki. Hiyo ni asilimia 51.9 kwa 48.1. Hebu fikiria darasa la wanafunzi 50: ishirini na sita wanasema twende, ishirini na wanne wanasema tukae. Basi darasa zima likaondoka.

Waliotaka kutoka walikuwa na sababu zao. Wengine walisema sheria za Uingereza zitungwe na Waingereza wenyewe, si watu wa Brussels ambao hawakuwachagua. Wengine walilalamika kwamba wageni wamekuwa wengi mno, hasa tangu mwaka wa 2004 nchi kadhaa za Ulaya Mashariki zilipojiunga. Wavuvi walitaka bahari yao. Wengine nao waliishi katika miji ambayo viwanda vyake vilifungwa zamani, wakaona hii ndiyo nafasi ya kuionyesha serikali kwamba wamechoka. Kulikuwa pia na basi jekundu lililozunguka nchini likiwa limeandikwa kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, afadhali pesa hizo ziende kwa hospitali. Shirika la serikali linalosimamia takwimu lilisema hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipata. Lakini maneno ya ubavuni mwa basi yalikuwa yamekwisha kuingia masikioni mwa watu.

Waliotaka kubaki nao walisema biashara itaumia, bei zitapanda na vijana watapoteza nafasi ya kusoma na kufanya kazi katika nchi jirani. Wengine walikumbuka jinsi nchi za Ulaya zilivyouana katika vita viwili vikuu, wakasema heri kugombana mezani kuliko kugombana kwa mizinga. Ajabu ni kwamba wengi wa upande huu hawakuusifu sana Umoja wenyewe. Walisema tu kwamba kutoka kutakuwa kubaya zaidi. Mtu akikuambia kila siku usihame kwa sababu nje kuna mvua, hajakwambia kama nyumba yenyewe ni nzuri.

Tunaposema "Waingereza walitaka kutoka", tukumbuke pia kwamba dola hiyo ina nchi nne ndani yake. England na Wales zilichagua kutoka. Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa karibu asilimia 56. Jiji la London lilitaka kubaki, ilhali katika eneo la Boston, ambako wafanyakazi wengi wa mashambani walitoka Ulaya Mashariki, watu watatu kwa kila wanne walitaka kutoka. Kule Gibraltar, rasi ndogo inayopakana na Uhispania, karibu asilimia 96 walisema wabaki, kwani mpaka huo ndio riziki yao. Hata hivyo, kura zilihesabiwa kwenye kapu moja.

Jambo la pili ni umri. Uchunguzi uliofanywa baada ya kura ulionyesha kwamba vijana wa chini ya miaka 25 walipiga kura ya kubaki kwa wingi, karibu saba kati ya kila kumi. Wazee wa zaidi ya miaka 65 wengi wao walitaka kutoka. Mimi nina miaka kumi na sita, na hapa ndipo jambo hili liliponigusa. Katika kura ya Scotland ya mwaka wa 2014 kuhusu kujitenga na Uingereza, vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura. Mwaka wa 2016 hawakuruhusiwa, ingawa Baraza la Malodi lilikuwa limependekeza waruhusiwe. Kijana wa Scotland aliyepiga kura akiwa na miaka 16 mwaka wa 2014 akawa na miaka 18 mwaka wa 2016, akapiga tena. Mdogo wake wa miaka 16 akakaa nyumbani akisubiri kuambiwa wakubwa wameamua nini. Ilhali huyo mdogo ndiye atakayeishi na uamuzi huo kwa miaka mingi zaidi.

Na je, unajua nani alikuwa na kura? Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kwa kibali halali walikuwa nayo. Yaani Mkenya wa London angeweza kujiandikisha na kuamua, lakini Mpolandi au Mfaransa ambaye ameishi na kulipa kodi huko miaka ishirini, bila kuchukua uraia, hakuulizwa. Uamuzi ulimhusu yeye kuliko huyo Mkenya!

Baada ya kura ndipo mambo yalipochacha. Waziri Mkuu David Cameron alijiuzulu. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka, lakini haikuuliza kutoka vipi. Wengine walitaka kutoka kwenye siasa na kubaki sokoni. Wengine walitaka kukata kamba yote. Theresa May aliyemfuata Cameron alipeleka makubaliano yake Bungeni, yakakataliwa mara tatu mwaka wa 2019. Waliomkataa walikuwa pande zote mbili: hawa wakiona ametoka sana, wale wakiona hajatoka vya kutosha. Hatimaye Boris Johnson alishinda uchaguzi wa Desemba 2019, na Uingereza ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020.

Maoni nayo hayakukaa palepale. Uchunguzi mwingi tangu mwaka wa 2022 umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Waingereza wanaona kutoka kulikuwa kosa, na karibu thuluthi moja tu wanaona kulikuwa sawa. Wapo waliobadilisha nia, wapo wazee waliofariki, na wapo vijana waliofikisha umri wa kupiga kura. Kura ni kama picha: hukuonyesha ulivyokuwa siku ile, lakini wewe unaendelea kukua.

Sisi huku Afrika Mashariki tunajifunza nini? Jumuiya yetu ya kwanza ilianza 1967 ikavunjika 1977, reli na shirika la ndege vikagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa hata kidogo. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999, unasema nchi ikitaka kutoka lazima thuluthi mbili za wabunge wake wakubali, kisha itoe notisi ya miezi kumi na miwili. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya hasira za siku moja. Lakini bado ni wabunge, si wananchi.

Kwa maoni yangu, kuwauliza watu ni bora kuliko kutowauliza. Ila anayeuliza aseme wazi kila jibu litaleta nini. Wanaojibu wapewe hesabu za kweli. Na uamuzi usioweza kurudishwa upesi usiegemee wanafunzi wawili katika darasa la hamsini. Tena wale watakaoubeba kwa miaka mingi zaidi, hata kama ni wa kidato cha tatu, wasiachwe nje ya mlango.

Wengi wape, ndiyo. Lakini kabla ya kuwapa, waulize vizuri wanataka nini.