Kuwavika Watoto Wetu Nguo za Kilwa ya Mwaka 1331

Mwaka 731 Hijria, sawa na 1331 Miladia, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akasimulia kisa cha Sultani wake, Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa. Ijumaa moja, akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo zilizokuwa mwilini mwake. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ileile. Basi Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwachia zile. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwisha kichwani, akaenda zake.

Kisa hiki ndicho watakachokiigiza watoto wa madrasa yetu hapa Shinyanga siku ya wazazi. Mwaka uliopita kila mzazi alitakiwa kununua joho la kung'aa na jambia la plastiki. Watoto ambao baba zao wako machimboni Geita, na fedha haijafika, walikaa safu ya nyuma na nguo zao za kila siku. Safari hii kamati imekubaliana nguo zishonwe hapahapa, zifanane na za wakati ule kadiri tuwezavyo. Usahihi huo, badala ya kuongeza gharama, umezipunguza.

Kwanza, joho na jambia vinaondoka. Nguvu ya Oman katika pwani yetu ilikuja karne nyingi baadaye, baada ya Wareno kupoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Ibn Battuta mwenyewe aliletewa mavazi alipokuwa Mogadishu, na akayataja moja moja: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kwa kuwa watu wa huko hawakuzijua suruali, kanzu ya kitambaa cha Misri, vazi la juu lenye bitana, na kilemba cha Misri chenye taraza. Shuka, kanzu, vazi la juu, kilemba: hayo yanatutosha. Kwa wasichana tumeazimia kanzu ndefu zaidi na mtandio. Akina mama walipendekeza kanga, nazo zinapendeza, lakini kanga ni za karne ya 19.

Kitambaa tulichochagua ni marekani. Jina lake ni la juzi, kwani lilitokana na wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja katika karne ya 19, lakini pamba isiyopaushwa, iliyofumwa wima na kukingama tu, ni ileile. Wachimbuaji wa magofu ya Kilwa walipata vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati kwa ajili ya kusokotea uzi. Kwa mkoa unaolima pamba kama wetu, hilo ni jambo la kumwonyesha mtoto. (Wanaodhani dhahabu ya Kilwa ilitoka Geita nao waelezwe: ilikuja kupitia Sofala, kutoka nyanda za Zimbabwe.)

Mkato wake ni rahisi. Nguo za watoto za zama hizo zilizohifadhiwa na mchanga mkavu wa Misri zimekatwa kwa mistari iliyonyooka, pasipo kupoteza kitambaa. Kwa mtoto wa miaka 5, badani ni kipande kimoja cha sentimita 38 kwa 140, kilichokunjwa begani bila mshono. Mikono ni mistatili miwili. Taharizi hutoka katika mstatili mmoja uliokatwa kwa mshazari, na vikwapa ni miraba ya sentimita 8. Shingo ni mpasuo wenye kaba nyembamba. Hakuna zipu, lastiki wala vifungo vya plastiki. Fundi atumie cherehani ndani kusikoonekana, na pindo alishone kwa mkono. Acha pindo pana, mtoto anakua. Shuka ya mtoto mdogo huteleza, hivyo avae kaptura ndani, na Ibn Battuta atatusamehe.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya hariri. Hariri ni haramu kwa wanaume. Lakini kwa mvulana asiyebaleghe, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii inamruhusu mlezi kumvika, ilhali Wahanafi wanalichukia hilo. Tumebaki na pamba iliyotiwa rangi. Ruhusa ipo, ila hariri ingeturudisha kulekule kwenye safu ya nyuma.

Limebaki suala la mwisho wa kisa. Mwana wa Sultani alizichukua tena nguo zile na kumpa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani akaongeza 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baadhi ya wazazi wanataka sehemu hiyo ikatwe. Mimi naona isomwe kama ilivyo, na mwalimu awaeleze watoto kwa utulivu kwamba watu wale nao walikuwa na mama zao. Kamati itaamua Jumapili. Marekani imekwisha kukatwa, kanzu 22, na mtoto wa mchimbaji mmoja ndiye atakayekuwa Sultani.